Katuni za sehemu ya pili: ipi ilistahili kutengenezwa na ipi imetuuzia jina tu? Wazazi tukutane hapa

Baba Wawili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimesoma mijadala ya filamu humu kwa muda mrefu, na karibu yote ni ya filamu za mapigano, za Kikorea au za Kihindi. Katuni ikitajwa, mtu anaandika mstari mmoja, "hizo za watoto", mada inahama. Mimi nina binti wa miaka 13 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6. Kila Ijumaa usiku tunatandika mkeka sebuleni, nawasha projekta ndogo niliyoinunua mkononi kwa mtu, ukuta ndiyo skrini, na watoto wanne au watano wa majirani wanaingia na mito yao. Tumefanya hivyo kwa miaka kadhaa sasa. Nyingine nimezirudia mara nane au tisa, maana kwa mtoto wa miaka sita "tumeshaiona" si sababu ya kutoiona tena.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni kwamba karibu kila katuni kubwa ya siku hizi ni sehemu ya pili, ya tatu au ya nne. Mwaka 2024 peke yake tulipata Inside Out 2, Moana 2, Despicable Me 4, Kung Fu Panda 4 na Mufasa. Zimevuna fedha za kutisha: Inside Out 2 ilipita dola bilioni 1.6, Moana 2 ikapita bilioni 1. Lakini mauzo yanaonyesha ni wazazi wangapi walivutwa na jina. Hayaonyeshi mtoto alitoka na nini.

Kipimo changu nakiweka mezani mapema ili mnipinge vizuri. Sehemu ya pili inastahili kuwepo kama stelingi, yaani mhusika mkuu, ana swali ambalo asingeweza kuwa nalo katika ile ya kwanza. Safari mpya si swali jipya, na wala adui mpya si swali jipya. Mtu yuleyule akipelekwa kisiwa kingine, bado ni mtu yuleyule.

Naanza na Inside Out 2, kwa sababu ndiyo iliyonipiga mimi mwenyewe.

Ile ya kwanza ya 2015, ya mwongozaji Pete Docter, ilimwonyesha Riley wa miaka 11 akihamishwa kutoka Minnesota kwenda San Francisco. Kichwani mwake kuna hisia tano kwenye meza ya kuongozea: Furaha, Huzuni, Hasira, Hofu na Kinyaa. Ilijibu swali moja kwa ukamilifu: Huzuni ana kazi gani? Kazi yake ni kwamba ukilia, mama na baba wanajua uko wapi na wanakuja.

Ya pili, ya Kelsey Mann, imemwongezea Riley miaka miwili tu, na hiyo imetosha kubadilisha kila kitu. Ana miaka 13, balehe inabisha hodi, na wanaingia wageni wanne: Wasiwasi, Husuda, Aibu, na yule aliyejilaza kwenye kochi na simu yake, ambaye binti yangu amempa jina "Sijisikii". Sijapata tafsiri iliyo bora kuliko hiyo.

Huyo Wasiwasi ndiye filamu nzima. Anajitambulisha kwa utaratibu kabisa: Hofu anamlinda Riley na hatari anazoziona, yeye anamlinda na zile ambazo bado hazijaonekana. Nilipomsikia nilishtuka, kwa sababu sisi tuna msemo wetu, wasiwasi ndiyo akili, na mimi nimewaambia wanangu msemo huo mara nyingi mno. Angalia umefika wapi kwenye basi la jioni, hesabu chenji mara mbili, usiamini mlango uliofungwa na mwingine. Filamu haimfanyi Wasiwasi kuwa jambazi. Inamwonyesha ni mfanyakazi hodari aliyechukua zamu zote, usiku na mchana, mpaka mwenye nyumba hana pa kupumulia.

Kuna mahali Riley amekaa kwenye boksi la adhabu pembeni ya uwanja wa hoki ya barafuni. Kifua kinabana, pumzi haishuki. Huku ndani, Wasiwasi anazunguka meza ya kuongozea kwa kasi hadi amekuwa kimbunga, na katikati ya kimbunga hicho yeye mwenyewe ameganda, chozi linamlenga. Hapo binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la saba, alisema kwa sauti ndogo, "Baba, hiki ndicho kilichonipata siku ya mtihani wa moku." Siku hiyo ya moku mimi nilimwambia ajikaze. Nilidhani tumbo linamsumbua kwa sababu hakunywa chai.

Nilisimamisha filamu. Watoto wa majirani walilalamika, nikawapa karanga, tukazungumza mimi na yeye jikoni dakika kumi. Hayo mazungumzo nisingejua pa kuyaanzia bila ile picha ya kimbunga.

Ina kasoro? Ipo. Safari ya Furaha na wenzake kule nyuma ya akili ni ileile ya sehemu ya kwanza: wamepotea, wanatafuta njia, wanarudi kwa kuchelewa. Na hakuna anayefikia Bing Bong, yule rafiki wa kufikirika wa utotoni aliyetutoa machozi wakubwa kwa watoto mwaka 2015. Lakini swali ni jipya, na ni swali la umri wa Riley. Hii ilistahili.

Nitaendelea na Moana 2. Karibuni.

Mwalimu wa Chekechea

Kaka, nimekusoma na hayo ya binti yako yamenigusa. Lakini niruhusu nipinge kidogo. Mimi nafundisha watoto wa miaka minne hadi sita. Tuliwaonyesha Inside Out 2 siku ya kufunga shule, na nusu saa haikuisha wakawa wanavuana viatu. Ile meza ya kuongozea wanaielewa, rangi za hisia wanazielewa, lakini kile kimti cha nyuzi zinazong'aa, ile imani ya mtu juu ya nafsi yake, hapana. Filamu ikiitwa ya familia nzima, na mdogo kabisa wa familia hana chake ndani, bado tunaisifu? Na kipimo chako cha "swali jipya" ni kipimo cha mzazi. Mtoto wa miaka mitano hataki swali jipya, anamtaka yuleyule aliyempenda.

Baba Wawili

Dada Mwalimu, hoja yako nzito, na sitaikwepa. Mwanangu mdogo wa miaka sita alilala kabla ya katikati. Alikuja kuamka Hasira anapotoa mapovu, akacheka. Kwa hiyo kweli, kwake ilikuwa nusu filamu.

Ila hapo penye "anamtaka yuleyule aliyempenda", naona ndipo mlango wa udanganyifu ulipo. Watengenezaji wanajua kwamba mtoto atashangilia akimwona yule kuku Heihei wa Moana, basi wanamweka Heihei. Mtoto anashangilia, sote tunaridhika, na hakuna aliyeuliza kama Heihei alikuwa na sababu ya kupanda kwenye ule mtumbwi. Ngoja niingie Moana.

Moana ya 2016 iko karibu na moyo wangu. Msichana wa kisiwa cha Motunui ambaye baba yake anamkataza kuvuka miamba, bibi yake anamwonyesha mapangoni ile mitumbwi mikubwa iliyofichwa, na anagundua kwamba wazee wake walikuwa mabaharia. Halafu ule mwisho: lile zimwi la moto walilolikimbia filamu nzima ndilo mama kisiwa aliyeng'olewa moyo. Moana hampigi. Anaiomba bahari imfungulie njia, anamwendea kwa miguu. Watu wa pwani na visiwani mtanielewa kwa nini filamu ile iliingia vizuri kwetu. Upepo, nyota, tanga, wazee waliovuka maji.

Sasa hii ya pili haikuzaliwa kama filamu. Disney waliitangaza mwaka 2020 kama mfululizo wa vipindi vya kutazamwa mtandaoni. Februari 2024 wakatangaza kwamba imegeuzwa filamu, na Novemba mwaka huohuo ikawa kumbini. Ukilijua hilo unaanza kuona mishono. Moana anapata wenzake watatu kwenye mtumbwi: fundi Loto, mzee mkulima Kele, na Moni anayempenda Maui, yule nusu-mungu, kupita kiasi. Kila mmoja amepewa tabia moja, na unaona wazi kwamba kila mmoja alikuwa ameandaliwa kipindi chake cha kukulia. Kwenye filamu hawana muda huo, kwa hiyo wanabaki abiria. Mama wa popo, Matangi, anaingia kwa wimbo mzuri, anafungua njia, anatoweka. Nalo, mungu wa dhoruba aliyezamisha kisiwa, hatumwoni uso wake mpaka majina ya watengenezaji yameanza kupita. Yaani adui ameahirishwa hadi sehemu ya tatu.

Nyimbo nazo. Lin-Manuel Miranda aliyeandika nyingi za ile ya kwanza hakurudi, wakaja Abigail Barlow na Emily Bear. Wamejitahidi, lakini mtihani wangu ni rahisi: baada ya wiki moja, watoto wanaimba nini wakiosha vyombo? Kwangu bado wanaimba wa 2016.

Kuna mtu atasema kugeuza mradi katikati ya safari siku zote huharibu. Hapana. Toy Story 2 nayo ilianza kama kazi ya kutolewa moja kwa moja kwenye kanda za nyumbani. Ilipoonekana haifai, Pixar waliifumua wakaijenga upya ndani ya muda mfupi sana, na ilipotoka mwaka 1999 watu wengi waliiona bora kuliko ya kwanza. Kwa sababu walipata swali: Woody, yule mwanasesere, achague kuwekwa kwenye makumbusho, salama milele bila kuguswa na mtoto, au arudi kwa Andy, mtoto anayemmiliki, akijua kwamba Andy atakua na kumwacha? Swali hilo lisingewezekana katika ile ya kwanza, ambapo Woody alikuwa anapigania nafasi tu. Walipoifumua waliisuka upya. Moana 2 walishona vipande.

Inapendeza macho, sikatai. Yale maji, zile nywele. Mwanangu mdogo ameiangalia mara sita. Lakini muulize Moana ametoka vipi tofauti na alivyoingia. Amepata nguvu mpya, alama mpya ya tatuu. Moyoni ni yuleyule.

Mama Mapacha

Mimi sikubaliani kabisa na hukumu ya Moana 2! Wanangu wa kike wana miaka saba. Ile ya kwanza Moana alikuwa peke yake dhidi ya kila mtu. Hii ya pili ana mdogo wake Simea anayelia asiondoke, ana watu wanaomtegemea, na anaondoka akiwa na wasiwasi kwamba hatarudi. Hilo kwangu ndilo swali jipya, la mtu mwenye majukumu. Mimi nasafiri kikazi kila mwezi. Ile sehemu Simea anamng'ang'ania dada yake, pacha wangu mmoja alinishika mkono hakuuachia. Usiseme hakuna kitu.

Baba Wawili

Dada, hapo umenikamata. Nimekwenda kurudia zile dakika za Simea jana usiku baada ya kusoma ulichoandika. Ni kweli, swali limo mle, limewekwa mwanzoni: anayeondoka ana deni gani kwa wanaobaki? Ninachowalaumu sasa ni kwamba walilishika wakaliachia. Kuanzia mtumbwi unapotoka hadi karibu na mwisho Simea ni kama hayupo. Laiti filamu ingekuwa yake na dada yake, ningeipa nafasi ya juu. Nasahihisha: swali lilikuwepo, safari ikalimeza.

Sasa nije kwa yule niliyekuwa namsubiri.

Sisi wote tumekulia vibanda umiza, na kule tulifundishwa kitu kimoja: stelingi hafi. Risasi zinampita, anaruka ghorofa, anatoka na damu kidogo kwenye mdomo. Imani hiyo ndiyo tuliyolipia. Paka wa Puss in Boots wa mwaka 2011 alikuwa stelingi wa namna hiyo. Upanga, kofia, majigambo, watoto wanacheka.

Puss in Boots: The Last Wish ya mwaka 2022, ya mwongozaji Joel Crawford, inamchukua paka huyohuyo na kumwambia: una maisha tisa, umeshatumia manane. Halafu anaingia mbwa mwitu mwenye joho jeusi, macho mekundu, mundu mbili mkononi, na mluzi. Huo mluzi jamani. Mwanzoni Puss anadhani ni mwindaji anayetafuta zawadi ya kumkamata, kama wengine. Wanapigana, anakatwa kidogo kwenye paji la uso, damu inatoka, na kwa mara ya kwanza tunamwona stelingi akikimbia. Si kwa mbinu. Amekimbia kwa woga, upanga ameuacha nyuma.

Mbwa mwitu huyo ni Mauti yenyewe. Na hasira yake, ikifafanuliwa, inaeleweka: amechoshwa na paka aliyefuja maisha manane kwa kujionyesha bila kuthamini hata moja.

Mwanangu mdogo aliogopa, nisiwafiche. Alijifunika shuka. Lakini hakuondoka. Siku ya tatu, tukiwa kwenye bajaji tunatoka sokoni, akaniuliza, "Baba, mimi nina ngapi?" Nikamwambia, moja. Akasema, "Na Babu alikuwa na moja?" Baba yangu alifariki mwaka juzi, na mtoto hakuwahi kuuliza chochote kuhusu hilo mpaka siku hiyo. Nikamjibu. Tulifika nyumbani bado tunazungumza.

Mwalimu, hapa narudi kwenye hoja yako. Huyu ni wa miaka sita, ni wa umri wa watoto wako. Alimpata yuleyule paka aliyempenda, kofia na buti vilevile, na bado alipewa swali. Kumbe vyote viwili vinawezekana.

Nikumbushe pia kwamba hii iliingiza kiasi cha dola milioni 480, chini ya ile ya 2011 iliyopita milioni 550. Aliyepima kwa mauzo atasema ya kwanza ndiyo bora. Ziangalieni mbili kwa usiku mmoja muone.

Mchora Katuni

Mkuu, umeacha nusu ya sifa za Last Wish. Mimi nachora, wacha niongeze la ufundi. Filamu ya kawaida ina picha 24 kwa sekunde. Kwenye mapigano ya filamu ile wanapunguza michoro makusudi, picha moja inakaa kwa muda wa picha mbili, kwa hiyo pigo linaonekana kama ukurasa wa kitabu cha katuni. Pakitulia, mwendo unarudi kuwa laini. Jicho la mtoto halijui hesabu hiyo lakini mwili wake unajua sasa ni vita, sasa ni amani. Na rangi zimepakwa kama brashi imepita, hawakuhangaika kuhesabu kila unywele wa paka.

Njia hiyo ilifunguliwa na Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018, iliyochukua Oscar. Ya pili yake ya 2023 kwa michoro ndiyo kilele, kila dunia ina mkono wake wa uchoraji. Lakini inakatika katikati kama daladala iliyoishiwa mafuta darajani, na tumeachwa tunasubiri miaka. Kwenye kipimo chako hiyo unaihukumuje, wakati haijaisha?

Baba Wawili

Mchora Katuni, asante kwa darasa. Across the Spider-Verse naihukumu kama nusu ya hadithi nzuri sana. Swali lake, kama kijana akubali msiba kwa sababu ameambiwa ndivyo hadithi yake ilivyoandikwa, ni swali kubwa. Lakini binti yangu aliangalia mwisho wake akiwa na miaka 11, na kwa mtoto miaka mitatu au minne ni maisha mengine. Atakayeiona sehemu inayofuata si mtoto yule. Mwandishi wa hadithi za watoto ana wajibu wa kumfikisha mtoto nyumbani usiku uleule.

Despicable Me 4 nitaipita haraka. Tulicheka, tukaenda kulala, asubuhi hakuna aliyekumbuka jina la adui. Haikudhuru mtu.

Iliyoniuma ni Kung Fu Panda 4. Iliniuma kwa sababu ya ile ya pili, ya 2011, ya Jennifer Yuh Nelson. Pale Po, yule panda, anagundua kwamba yule baba yake bata bukini mpika tambi, hakumzaa. Alimkuta kwenye kreti la mboga. Na mama yake mzazi alimwacha mle ili kumwokoa na tausi Shen. Watoto wangapi mitaani kwetu wanalelewa na shangazi, na bibi, na mama mdogo, bila kuambiwa ilikuwaje? Nina mpwa wangu niliyemwangalia akitazama filamu ile. Sitasema zaidi.

Basi unatoka kwenye hilo, unafika ya nne ya mwaka 2024. Po anatakiwa amchague mrithi na yeye awe kiongozi wa kiroho wa bonde. Swali zuri kabisa! Mtu anaachiaje cheo kinachompa jina? Wamelifanya nini? Wale watano wenzake waliopigana naye filamu tatu wamepelekwa kwenye kazi za mbali, tunawaona mwishoni tu, hawasemi neno. Adui Kinyonga anawaita kutoka kuzimu maadui wote wa zamani, akiwemo Tai Lung, na wanasimama pale kama wageni waalikwa wanaopigwa picha ya ukumbi. Shen, aliyeua kijiji cha Po, amerudi na hakuna neno kati yake na Po. Watoto walifurahi kuwaona. Mimi nilitaka kuzima.

Mpwani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mada tamu hii, na mimi niko Mombasa nawafuata tangu asubuhi. Umetaja Mufasa mwanzo kabisa kisha umeiruka. Hiyo ndiyo inayotuhusu sisi wenye lugha. Mwanangu alipomsikia yule simba, kaka wa Mufasa ambaye baadaye ndiye Scar, akiitwa Taka, alinigeukia: "Baba, mbona mamake kamuita taka?" Mfalme na malkia wamezaa mwana, wamuite uchafu? Mtoto wa Kiswahili ashajua mwisho kabla filamu haijaanza. Wenzetu kule wanasubiri dakika mia na ishirini kujua nani atakuwa mbaya.

Baba Wawili

Waalaykum salaam, Sheikh wangu. Hapo umegusa ninapopataka.

Tangu The Lion King ya 1994 hii hadithi imekula kwenye sahani yetu. Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi, hakuna matata. Sarabi pia, yaani mazigazi, jina zuri mno kwa malkia wa nyika. Sehemu ya pili ya 1998, ile ya kanda, ilikuwa na Kovu, Vitani na Nuka, na mtoto wa Kiswahili aliyaelewa yote kabla ya sentensi ya kwanza. Sisi ndio watazamaji pekee duniani ambao majina yale ni maneno. Hata hivyo ukiitafuta filamu ile kwa Kiswahili ili kumwekea bibi yako aliyeko kijijini, utaisaka sana.

Mufasa ya Barry Jenkins, Desemba 2024, imeongeza jingine: nchi ya ahadi wanayoitafuta wale simba inaitwa Milele. Mwanangu mdogo aliuliza, "Milele ni mahali?" Nilipenda swali lile kuliko filamu yenyewe.

Kuhusu Taka, nimewaza sana. Kuna uchafu, lakini kuna pia kutaka. Yule simba filamu nzima anataka: anataka ndugu, anataka sifa ya baba yake, anamtaka Sarabi, na anapokosa la mwisho ndipo anageuka. Kama waandishi walikusudia hilo, sikio letu linapata zaidi ya wao walilosikia. Na swali la filamu ni halali: huyu tuliyemjua kwa kovu tu aliwahi kumpenda nduguye? Alimwokoa mtoni. Alimwita kaka kabla ya mtu yeyote.

Kinachoiangusha ni sura. Kila kitu kimechorwa kwa kompyuta, lakini kimelazimishwa kufanana na simba halisi, na simba halisi hana nyusi za kuonyesha usaliti. Uso wa Taka unapovunjika moyo, mimi naona simba aliyesimama. Mchora Katuni atanisaidia, lakini mwaka 1994 mstari mmoja wa penseli juu ya jicho ulisema yote. Halafu kila tunapozama, Timon na Pumbaa wanakatiza.

Mchora Katuni

Umesema sawa, sina la kuongeza hapo. Niongeze jingine. Flow, ya Gints Zilbalodis wa Latvia, 2024. Paka, mbwa, lemuri (kanyama ka Madagaska kenye mkia mrefu) na wengine kwenye mashua, gharika imeifunika dunia. Hakuna neno hata moja. Ilitengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo hata mimi ninayo kwenye kompyuta yangu chakavu, kwa bajeti ya euro milioni tatu na nusu hivi, na ikazishinda Inside Out 2 na The Wild Robot kwenye Oscar ya 2025. Watoto wa mtaani kwangu wasiojua Kiingereza waliielewa sawa na wanaosoma shule za kulipia. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza nilipoona wote wanashtuka kwa pamoja.

Na hapa kwetu kazi zipo, wadau. Kizazi Moto ya 2023, filamu fupi kumi za Afrika zenye jina la Kiswahili, ndani yake kuna Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda na Enkai ya Ng'endo Mukii wa Kenya. Ubongo Kids inatengenezwa Dar es Salaam tangu 2014. Tunangoja filamu ndefu tu.

Baba Wawili

Mkuu, Flow tuliionyesha Ijumaa moja umeme ukiwa umerudi saa tatu usiku, na nakubaliana na kila neno. Watoto wa majirani kwa kawaida wananiuliza "kasema nini?" kila dakika mbili, na mimi natafsiri mpaka sauti inakauka. Usiku ule hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikaa nikaangalia filamu kama mtu mwingine.

Mwisho nataja The Wild Robot, ya Chris Sanders, 2024. Si sehemu ya pili, lakini nina hofu nayo. Roz ni roboti aliyetupwa na dhoruba kwenye kisiwa cha wanyama, anakuta yai la bata bukini limesalimika baada ya yeye mwenyewe kukiangukia kiota, na analea kifaranga. Sauti yake ni ya Lupita Nyong'o, na sikilizeni anachofanya. Mwanzoni ni sauti ya mashine ya benki, changamfu na tupu. Anavyoendelea kulea inapata uzito, inapata kusitasita, mpaka siku kundi la bukini linaondoka kwa msimu wa baridi na kifaranga wake anaruka nalo. Pale hakuna neno kubwa analosema. Mke wangu, ambaye huwa anapita tu sebuleni kuelekea jikoni, alisimama mlangoni na bakuli mkononi mpaka filamu ilipoisha.

Kitabu cha Peter Brown kina miendelezo, kwa hiyo malighafi ya sehemu ya pili ipo. Hofu yangu ni kwamba watamleta Roz, watamleta mbweha, watampa kisiwa kipya na roboti mbaya mkubwa zaidi. Wakati swali liko pale limekaa: mama aliyekwisha kulea, mtoto ameruka na anajua njia, yeye anaamka asubuhi kufanya nini?

Mama Mapacha ameniuliza kule pembeni tuangalie ipi Ijumaa hii na mabinti wa miaka saba. Dada, weka Last Wish, lakini kaa nao karibu mluzi ukianza. Mimi kwangu binti ameomba Inside Out 2 tena. Kidato cha kwanza kinaanza Jumatatu, na amesema safari hii nisiisimamishe.